Mashavu ya Bundala

Kituo cha Mafunzo, Ujiji
6 Oktoba 1974

Mama Bundala,

Kwanza mpe mama shikamoo yangu, na umsomee barua hii yote, asije akasema nimemwandikia mke nikamsahau aliyenizaa. Mama, mimi mzima, nakula na kulala vizuri. Mafunzo yataisha mwezi wa tatu, ndipo nitakaporudi kuwa mwalimu wa watu wazima wa kijiji chetu. Wenzangu wamenichagua kuwa kiongozi wa darasa.

Somo tuliloanza nalo ni malezi ya watoto wadogo nyumbani. Mke wangu, nilidhani hayo ni mambo ya kina mama, kumbe tulikuwa gizani. Mtoto wa miaka miwili kama Bundala anajifunza kabla hajauona ubao. Unapopika mtajie, hiki chungu, huu mwiko. Unapochambua mboga hesabuni majani pamoja. Mwulize kitu, kisha mngoje ajibu, hata akijibu upuuzi mjibu na wewe. Chakula nacho ni elimu. Uji mtupu haufai kitu. Utie karanga zilizotwangwa, au maziwa. Mpe maharage, mpe dagaa, mpe yai. Najua mama hapendi mtoto ale yai. Mama, hizo ni fikra za zamani, tuziache.

Fanya hivyo, uniandikie matokeo yake. Kila mzazi ni mwalimu.

Ni mimi mumeo katika ujenzi wa taifa,
Masolwa


Kijijini, Ziba
24 Oktoba 1974

Baba Bundala, kiongozi wa darasa,

Barua yako nimemsomea mama kama ulivyotaka. Alitandika mkeka nje, akaita majirani, maana barua ya mwanawe haisikilizwi na mtu mmoja. Nilipofika kwenye yai walitazamana. Mama akasema, "Masolwa kasoma, mimi sina neno." Jambo hilohilo ningelisema mimi ungekuwa ukaidi wa mtoto wa mjini. Likitoka Ujiji ni elimu.

Tumekwisha kuhamishwa. Nyumba yetu ya zamani imeezuliwa, na sasa tuko kwenye mstari wa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zinatazamana kama watoto wa shule. Mvua bado. Ng'ombe tumewaacha kwa mjomba wako Nikolaus kule Igunga kwa sababu hapa maji hayatoshi hata watu. Kuku walikufa kwa ugonjwa wa kideri wakati wa kuhama. Karanga zipo kidogo, mama amezifungia, anasema ni mbegu. Tunakula unga wa njano unaoletwa na lori, watu wanauita Yanga. Siku za kuhama nilishikwa na homa, maziwa yakakauka, ikabidi nimwachishe mtoto.

Lakini usiwe na wasiwasi. Bundala amenenepa. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, vifundo hata havionekani. Mama, ambaye humwita mume wake, anasema mume wake amekuwa mzee wa baraza. Wala hasumbui siku hizi. Ukimweka mahali unamkuta palepale.

Barua hii nampa Anton, dereva wa lori la unga, aipeleke Tabora kwa dada Batuli aitie posta.

Mkeo,
Zamda


Ujiji
10 Novemba 1974

Mama Bundala,

Barua yako imenifurahisha mno. Niliisoma mbele ya darasa zima iwe mfano wa familia iliyopokea elimu kwa njia ya barua. Watu walipiga makofi. Mkufunzi wetu akauliza kama mtoto anacheza na kucheka. Nikamwambia ana utulivu wa babu yake, ambaye alikuwa mtu wa shauri kubwa na maneno machache. Akaniangalia, kisha akaendelea na somo.

Sasa ongeza bidii. Mtengenezee mpira wa matambara ajifunze kurusha na kudaka. Mwimbie nyimbo za kuhesabu vidole. Kliniki ya watoto ikija kijijini mpeleke akapimwe, ili kina mama wengine waone mtoto wa mwalimu alivyo. Kumbuka maziwa na mayai.

Mama, shikamoo. Nakutegemea wewe kusimamia.

Masolwa


Kijijini, Ziba
28 Novemba 1974

Dada Batuli,

Shikamoo. Msalimie shemeji Mabruki. Naandika haya nimejificha jikoni, ukiona masizi kwenye karatasi usishangae.

Dada, Bundala hakunenepa. Nilimwandikia baba yake kuwa amenenepa, na Mungu ni shahidi siku ile niliamini hivyo, nilifurahi mwenyewe. Sasa mashavu yamejaa lakini mikono imekuwa vijiti. Nywele zimekuwa nyekundu, nikizishika zinanifuata mkononi. Ngozi ya mapaja inabambuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Hachezi. Nikimwonyesha mpira aliotaka baba yake hautazami, anageuza uso ukutani. Alikuwa anasema maneno mengi, dada, alikuwa ananikaripia. Sasa analia tu, tena kilio chembamba, kama kuna mtu amemkataza kulia kwa sauti.

Mama mkwe amesema mtoto amebemendwa. Kwa watu wa mjini kama wewe labda limesahaulika, hapa ndilo neno la kwanza. Mtoto mdogo akivimba na kubambuka hivi, watu husema mzazi wake amelala na mtu wakati mtoto hajakomaa, ndiyo maana ameharibika. Na baba yake yuko Ujiji tangu mwezi wa tano. Kwa hiyo unaelewa wanachosema, hata wasiposema. Mama hajanitukana. Angenitukana ningepumua. Ananipa maji ya kunawa kwa mkono wa kushoto.

Kliniki ilikuja. Watoto wanavuliwa nguo na kuning'inizwa kwenye mizani mbele ya kila mtu. Nikamfunika Bundala kwa kanga nikamlaza ndani, nikasema amelala. Ningewezaje kumwonyesha, dada? Wangemwangalia mtoto, kisha wangeniangalia mimi tumboni. Na mama anasema mtoto aliyebemendwa akichomwa sindano anakufa palepale.

Sijalala na mtu. Wewe unanijua. Lakini nikianza kujitetea ndiyo nimekiri. Usimwambie Masolwa, nakuomba. Niambie tu nifanye nini.

Mdogo wako,
Zamda


Tabora
6 Desemba 1974

Mdogo wangu Zamda,

Marahaba. Barua yako imenifikia nikiwa nakaanga maandazi, yote yameungua, na Mabruki ameyala hivyohivyo, kwa hiyo ujue alivyoshtuka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Swaumu, yule tuliyesoma naye madrasa, sasa ni nesi wa wodi ya watoto. Nikamsomea ulivyoandika. Hakungoja nimalize. Anasema mtoto hakubemendwa na mtu, hiyo ni njaa. Nikamwambia mbona anashiba, anakula uji asubuhi na ugali mchana. Akasema tumbo linajaa unga, mwili haupati kitu. Kunyonya ameacha, maziwa ya ng'ombe hakuna, karanga zimefungiwa. Mwili unavimba maji, watu wanaona unene. Anasema wodini wamejaa wa namna hiyo mwaka huu, tena wengi huletwa wamechelewa kwa sababu ya neno hilohilo mnalolinong'ona huko.

Fanya hivi. Mbonyeze mguu juu ya unyayo kwa kidole gumba, kisha uachie. Ukiona kishimo kimebaki, funga mzigo uje. Usingoje kliniki, usingoje mvua, usingoje mumeo. Nimempa Anton mfuko wa dengu na choroko. Damyanti wa duka la Narendra, ambapo Mabruki anashonea barazani, aliniongezea na maziwa ya unga aliponiona nalia. Ni vya Bundala, si vya mgeni.

Kuhusu Masolwa, nitanyamaza kwa sasa. Lakini sikuahidi zaidi ya hapo.

Dada yako,
Batuli


Kijijini, Ziba
12 Desemba 1974

Baba Bundala,

Hatujambo wote. Mama anakusalimu. Bundala hajambo, anaongea sana, leo amehesabu vidole hadi vitano. Kliniki ilikuja, wakasema yuko sawa. Mvua imeanza kidogo.

Usituwaze, soma.

Zamda


Kijijini, Ziba
19 Desemba 1974

Dada,

Nilimbonyeza. Kishimo kilibaki. Nikabonyeza mguu wa pili nikitumaini labda ule wa kwanza ulikosea. Nikakaa nikivitazama vile vishimo viwili mpaka ugali ukaungua.

Mzigo wako ulifika, lakini zawadi inayokuja ukweni haifunguliwi na mke. Nilimkabidhi mama kama inavyotakiwa, naye akagawa kwa heshima kubwa, nyumba hii kibakuli, nyumba ile kibakuli, maana ndugu zake nao wanakula Yanga. Ukarimu wake ulinikata maini. Maziwa ya unga alikunywa babu mdogo anayekohoa. Bundala alipata dengu za mlo mmoja. Dada, alikula. Alizimaliza zote na akatazama sahani.

Nikamwambia mama nataka kumpeleka Tabora. Akasema, "Mtoto ni wa Masolwa. Masolwa akisema aende, ataenda. Asiposema, hatoki kwenye nyumba hii akafie kwa watu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamkanda miguu kwa majani ya dawa, machozi yanamtoka, anamwita mume wangu, mume wangu amka unioe. Anampenda, dada. Ndiyo maana siwezi kumshinda.

Nikitoroka naye, watasema nimemkimbilia yule mwanaume wanayemdhania. Tena Anton hawezi kunibeba bila mama kuridhia, na lori la mtu mwingine hakuna.

Nilimwandikia Masolwa mtoto hajambo. Nilimwandikia anahesabu vidole. Kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe. Kila barua yake inaniletea chakula cha ubaoni, maziwa, mayai, dagaa, nami ningemwambiaje kwamba mtoto wa mwalimu amevimba? Sasa nimejifungia mlango mwenyewe. Nakuruhusu, mwandikie. Mwambie kila kitu, hata lile neno la mama, ajue kwa nini nilificha. Mwombe aandike mstari mmoja tu, kwamba mtoto aende hospitali. Mama akiusikia mstari huo atatufungulia mlango.

Jana usiku Bundala hakulia kabisa. Nilikuwa nachukia kile kilio. Sasa ningetoa chochote nikisikie.

Zamda


Tabora
27 Desemba 1974

Shemeji Masolwa,

Salamu. Mimi si mtu wa kuzunguka. Mwanao anakufa.

Barua ya mwisho ya mkeo usiiamini. Mtoto amevimba miguu na uso, nywele zimebadilika, ngozi inabambuka. Nesi hapa Tabora anasema ni utapiamlo, yale yale mnayofundishwa huko. Zamda aliona aibu kukuambia kwa sababu mama yako anaamini mtoto amebemendwa, nawe unajua neno hilo linamwangukia nani mume akiwa safarini. Mdogo wangu hana kosa. Nimemlea mimi, namjua.

Mama yako hatamtoa mtoto bila neno lako. Andika mstari mmoja, "Mpelekeni hospitali Tabora," usiweke kingine. Barua ipitie kwangu, Anton ataifikisha. Wewe una bahati, shemeji, wazazi wengi hawakufundishwa jinsi ya kuwaokoa watoto wao. Wewe umefundishwa.

Batuli


Ujiji
4 Januari 1975

Zamda,

Nimesoma barua ya dada yako mara moja. Ya pili nilishindwa.

Utapiamlo ni ugonjwa wa watoto ambao wazazi wao hawakuelimishwa. Wewe nimekuelimisha. Nimekuandikia karanga, nimekuandikia maziwa, nimekuandikia mayai na dagaa. Wewe mwenyewe ukajibu kwa mkono wako kwamba amenenepa, nami nikaisoma barua hiyo mbele ya watu. Wiki tatu zilizopita anahesabu vidole, leo anakufa. Ipi ya kweli? Kama elimu imefika nyumbani na mtoto bado ameharibika, basi kilichomharibu si chakula. Mama yangu hakusoma lakini amezika na amelea, na jambo hili analijua.

Nilikuwa nawacheka watu wa neno hilo hapa darasani. Sasa limeingia kwangu. Nani? Ni yule dereva unayempa barua zako? Dada yako anasema hata barua yangu ataileta yeye, mmempanga vizuri.

Usitoke hapo. Mtoto asipelekwe popote, mama amtibu kwa dawa zetu. Nikirudi mwezi wa tatu tutakaa mbele ya wazee, utamtaja mtu huyo kwa jina lake.

Barua hii msomee mama yote, usiruke neno.

Masolwa


Tabora
20 Januari 1975

Shemeji Masolwa,

Nakuomba radhi. Nilikuwa nimekwisha kukutukana moyoni, tena matusi ya kutosha mwaka. Barua yako ilipopita hapa haikuwa imefunguliwa, nikampa Anton huku nimeshika roho. Sasa nimejua uliandika nini, na kama ungekuwa karibu ningekubusu mikono.

Wamefika. Mama yako amekuja naye, amekaa mbele na dereva akimpakata mjukuu njia nzima, Zamda nyuma juu ya magunia matupu. Alipoingia kwangu neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu ameandika mtoto aletwe, nami nimemleta." Ananyoosha kidole niandike na haya pia. Anasema ulivyomweleza kuhusu ugonjwa huu alielewa kabisa, kwamba hakuna aliyekosa ndani ya nyumba, ni chakula kilichokosekana. Anasema amemwomba Zamda msamaha kwa yale maji ya mkono wa kushoto. Anasema hajui alikuzaa vipi ukawa na busara hiyo.

Kuhusu mtoto nitakuambia kweli. Ni mbaya. Ana baridi mwilini. Wanampa maziwa kwa mpira kupitia puani, kidogo kidogo, maana wanasema akipewa mengi kwa pupa moyo unaweza kusimama. Kuna kitanda jirani asubuhi kilikuwa na mtoto, mchana kilikuwa na shuka jipya. Nilimwuliza Swaumu, je, huyu wetu? Swaumu ni mtu wa maneno mengi tangu utoto. Alimfunika mtoto blanketi la pili, akaenda kitanda kingine.

Tuombee.

Batuli


Ujiji
2 Februari 1975

Mke wangu,

Yu hai? Naanza na hilo, na hata hivyo naogopa kuituma barua hii.

Nilipopokea maneno ya dada yako na salamu za mama sikuelewa. Nilidhani amenikejeli. Nikasoma tena nikaona si kejeli, anamaanisha. Ndipo nikaelewa kuwa kuna kitu ulifanya, nami sijui ulifanyaje.

Zamda, niliandika nikiwa si mimi. Hapa watu wananiita Mwalimu. Nilivyosoma mtoto wangu amevimba, niliona bora niwe mume aliyesalitiwa kuliko mwalimu aliyeshindwa kulisha mtoto mmoja. Sijui kama unaweza kuelewa jambo la kijinga namna hiyo. Nimemwambia mkufunzi kuwa mtoto wangu amelazwa. Akasema alijua tangu siku ile niliyosoma barua yako, akangoja niulize, nami sikuuliza.

Nakuomba jambo moja. Ile barua ichome. Mama ameshaamini ilivyo, na yeye amefurahi, nawe umesafishwa. Tuiache iwe hivyo. Hakuna atakayeumia.

Nijibu upesi, hata neno moja.

Masolwa


Tabora
14 Februari 1975

Baba Bundala,

Yu hai.

Uvimbe ulitoka wote, na ulipotoka nikaona mtoto niliyekuwa naye ndani ya yale mashavu. Mifupa, na macho. Nilidhani ndiyo anakufa sasa, nikaanza kupiga kelele wodini, Swaumu akanikalisha akaniambia hivyo ndivyo kupona kunavyoanza. Kisha juzi alimnyang'anya bibi yake kijiko. Alikasirika kwa sababu kijiko kilikuwa kinakuja polepole. Akasema, "Lete." Tangu mwezi wa kumi na moja sikuwa nimesikia neno kwake. Mama alilia mpaka wakamtoa nje.

Swaumu anatufundisha kina mama kuchanganya uji, na anatukalisha chini na watoto kila siku tucheze nao, tuwaonyeshe vitu, tuongee nao hata wasipojibu. Anasema mtoto aliyekaa kimya muda mrefu kichwa chake nacho kina njaa. Ni yaleyale uliyoniandikia wewe. Uliandika sawa, baba Bundala. Kila ulichoandika mwanzo kilikuwa sawa. Hukuniuliza tu kama ninacho.

Unataka kujua nilifanyaje. Anton aliileta barua mchana. Mama akatandika mkeka, majirani wakaja, mtoto akalazwa mapajani mwake. Nikafungua. Mstari wa kwanza niliusoma kwa macho, nikaenda wa pili, nikafika kwenye "Nani?" Mama akasema, "Soma, mwanangu anasemaje." Nikamtazama Bundala. Alikuwa amefumbua macho lakini hatazami kitu. Nikajua nikisoma ulichoandika anakufa, na nikisema barua imekataa kusomeka anakufa vilevile.

Basi nikakusoma wewe. Sikusoma karatasi. Nimekuzoea unavyoandika, nilianza, "Mama, shikamoo, hizo ni fikra za zamani, tuziache." Nikasema kwa ile sauti yako ya kiongozi wa darasa. Nikasema mtoto hakubemendwa, mke wangu namwamini, kilichokosekana ni maziwa na karanga, hata sisi hapa Ujiji tunafundishwa hivyo. Nikasema, "Mpelekeni hospitali Tabora, lori lisiondoke bila yeye." Nikaweka na "kila mzazi ni mwalimu" mwishoni, ndipo mama akaamini kabisa kuwa ni wewe. Majirani waliitikia. Mmoja akasema, kweli Masolwa kasoma. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi muda wote, na kwenye karatasi ulikuwa unaniuliza jina la mwanaume.

Nimekusikia ulivyosema uliona bora usalitiwe kuliko kushindwa. Naelewa zaidi ya unavyodhani, na mimi niliona bora niandike anahesabu vidole. Tulimficha wote wawili. Lakini mimi sikukuandikia afe.

Barua sijaichoma. Usidhani naiweka kwa kisasi. Sikiliza. Mama anasema kule kijijini wapo wengine. Anawataja kwa majina, mtoto wa Masanja, wajukuu wa jirani wa mwisho wa mstari, mmoja ni binti aliyekuwa anacheza na Bundala. Wamevimba, wamefichwa ndani kwa kanga kama nilivyomficha wangu, kwa neno lilelile. Mama amepanga ukirudi aite kijiji kizima, wasomewe barua ya mwanawe iliyomtoa Bundala kaburini, ili watoe watoto wao. Haongei jingine hapa. Ananisumbua nimsomee tena na mimi nasingizia macho yananiuma. Siwezi kuisoma mara ya pili. Ile siku nilikuwa na mtoto anayekufa mbele yangu, ndiye aliyenipa sauti.

Nimemwambia asubiri, wewe mwenyewe unakuja mwezi wa tatu. Kwa hiyo njoo. Mkeka utatandikwa, watu watakaa, na kina mama waliowaficha watoto watakuwa wanakutazama mdomoni. Karatasi nitakupa mbele yao, ileile uliyoniuliza jina la mwanaume. Mimi nitakaa nyuma na Bundala, na safari hii utaisoma wewe.

Zamda